Mfalme aliyefunga mizigo miaka kumi bila kusafiri

Watu wengi wa kwetu wanaoenda Guangzhou kuchukua mzigo wanaijua Xiaobei kuliko wanavyoijua mitaa ya nyumbani, wanajua wapi pa kubadilisha hela, wapi kuna chakula halali, nani ana kago ya uhakika, ila ukiwauliza huu mji kabla ya viwanda ulikuwa nini hawana habari. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo safari nne za mwanzo. Safari ya tano kiwanda kilichokuwa kinanishonea mabegi kikachelewa siku tatu, nimekaa hotelini nahesabu hela ya chumba inavyokwenda, dada mmoja tuliyekuwa tunakaa naye floo moja, mzoefu kuliko mimi, akaniambia mdogo wangu toka humo ndani, hapo mbele kuna kaburi la mfalme, nenda kaangalie, hata kwa miguu unafika.

Nikaenda. Ni pale karibu na kituo cha treni cha Yuexiu Park, barabara ya Jiefang Kaskazini, kilima kidogo kimebanwa na maghorofa pande zote na jina lake ni Xianggang, yaani Kilima cha Tembo. Hilo jina likumbuke, nitalirudia. Mwezi wa 6 mwaka 1983 mafundi walikuwa wanakisawazisha hicho kilima wajenge nyumba za wafanyakazi, wameshakata kama mita 17 kwenda chini, ndipo wakakuta mawe makubwa mapana yamepangwa vizuri kama sakafu, na kati ya jiwe na jiwe kuna upenyo. Wakamulika na tochi. Chini kulikuwa na vyumba.

Vyumba 7 vya mawe, vyote kwa pamoja kama mita za mraba 100 hivi. Watu wa mambo ya kale wakaitwa, wakachimba miezi kadhaa, wakatoa vitu zaidi ya 1,000, na ajabu yake ni kwamba hakuna mwizi aliyewahi kuingia tangu siku mlango unafungwa, miaka zaidi ya 2,100. Leo unaruhusiwa kushuka mle ndani kabisa. Unashuka ngazi, unaangalia kichwa chako maana dari iko chini, jua la Guangzhou linabaki huko juu, na unasimama chumbani kwa mtu.

Mtu mwenyewe anaitwa Zhao Mo. Alikuwa mfalme wa pili wa nchi iliyoitwa Nanyue, ambayo ilishika Guangdong na Guangxi ya leo mpaka kaskazini mwa Vietnam, na mji wake mkuu ulikuwa Panyu, ndiyo Guangzhou hii hii tunayoburuzia mabegi. Alitawala kuanzia 137 KK mpaka 122 KK au karibu na hapo. Kwenye historia kubwa ya China aliyoiandika Sima Qian amepewa maelezo mafupi sana, ukisoma haraka unampita. Wachina wenyewe niliowauliza wengi wanamjua babu yake, yeye wanamjua kwa sababu ya kaburi tu. Mimi nimemsoma tangu siku ile, miaka sasa, na kila nikirudi naona walimwonea.

Kumwelewa lazima uanze na babu.

Babu ni Zhao Tuo, mtu wa kaskazini, alikuja kusini kama ofisa wa jeshi la Qin, wale walioiunganisha China kwa mara ya kwanza na wakaiteka hii sehemu ya kusini mwaka 214 KK. Utawala wa Qin ulipoanza kuporomoka mkuu wake alikuwa anaumwa mahututi, akamwita Zhao Tuo akamkabidhi madaraka yote na kumwambia huku tuna milima mbele na bahari nyuma, mtu anaweza kusimamisha nchi. Mzee akafa, Zhao Tuo akafunga njia zote za milimani, akawaondoa maofisa wa Qin akaweka watu wake, na kama mwaka 203 KK akajitangaza mfalme wa Nanyue. Akaishi na watu wa Yue, wenyeji wa kule, akafunga nywele kama wao. Balozi wa Han, ukoo uliotawala China baada ya Qin, alipokuja mwaka 196 KK, jina lake Lu Jia, alimkuta mfalme amekaa kitako ametandaza miguu, kitu ambacho kwa adabu za kaskazini ni matusi, na Lu Jia akamsema pale pale mpaka mzee akajiweka sawa. Mwisho wakaelewana, Han wakamtambua kuwa mfalme, na yeye akakubali kuwa chini yao.

Halafu akaja Malkia Lü huko Han, akapiga marufuku kuwauzia Nanyue vyombo vya chuma, na mifugo wakiuziwa ni madume tu, farasi dume, ng'ombe dume, kondoo dume. Hebu fikiria ukatili wa hiyo sheria, kwamba ng'ombe nakuuzia ila hakikisha hazai. Zhao Tuo akakasirika, akaacha kujiita mfalme akajiita Kaizari, cheo sawasawa na yule wa Han, na akavamia mpakani. Jeshi la Han lililotumwa likakutana na joto na unyevu wa kusini, askari wakaugua hata milima hawakuivuka. Malkia alipokufa, Kaizari mpya wa Han akatumia akili, akakarabati makaburi ya wazee wa Zhao Tuo kule kaskazini, akaweka watu wa kuyatunza, akamtuma tena Lu Jia na barua ya upole. Mwaka 179 KK Zhao Tuo akaandika kuomba radhi, akasema cheo cha Kaizari nimekiacha.

Hakukiacha. Kwenye barua za kwenda Han alijiita mfalme, mtumishi wako. Nyumbani kwake aliendelea kuitwa Kaizari vile vile mpaka anakufa mwaka 137 KK, na kwa hesabu za vitabu alikuwa amepita miaka 100.

Sasa mjukuu anarithi hiyo hali. Ana nchi yenye nyuso mbili, babu mkubwa ambaye hakuna atakayemfikia, na upande wa pili kuna Kaizari wa Han kijana, Wu, mmoja wa watawala waliokuwa na njaa kubwa ya ardhi katika historia yote ya China. Miaka miwili tu tangu akalie kiti, mwaka 135 KK, jirani yake wa mashariki, mfalme wa Minyue, akamvamia.

Babu angepigana. Zhao Mo hakupigana. Aliandika barua kwa Kaizari Wu akasema mimi na huyu wote ni watumishi wako wa mipakani, hatuna ruhusa ya kupigana sisi kwa sisi, huyu amenivamia, mimi sijathubutu kuinua jeshi, naomba uamue. Nikisoma hapo mara ya kwanza nilimwona mwoga. Lakini angalia alivyomfunga yule mkubwa, kwa sababu Han walishasema wao ndio baba wa wote, basi baba njoo uamue ugomvi wa watoto, usipokuja si baba. Kaizari akasifu utii wake akatuma majenerali wawili na jeshi. Kabla halijavuka milima, mdogo wake yule mfalme wa Minyue akamuua kaka yake na kupeleka kichwa kwa majenerali, vita ikaishia hapo. Zhao Mo hakupoteza hata kijiji.

Ila msaada wa mtu mkubwa una siku yake ya kudaiwa. Kaizari akatuma ofisa, Zhuang Zhu, kwenda Panyu kumweleza mfalme jinsi alivyosaidiwa. Zhao Mo akainama akashukuru, akasema hata nikifa sitaweza kulipa wema huu, akamtoa mwanae mrithi, Yingqi, aende Chang'an, mji mkuu wa Han, akalinde jumba la Kaizari, kwa lugha nyingine mtoto amewekwa rehani. Na yeye mwenyewe akamwambia yule ofisa wewe tangulia, nchi yangu imetoka kuvamiwa, mimi nafunga mizigo usiku na mchana nije kumwona Kaizari.

Nafunga mizigo usiku na mchana! Nilisoma hiyo nikiwa nimekaa juu ya bandali la mabegi nasubiri gari ya kago, nikarudia mara tatu.

Mgeni alipoondoka mawaziri wakamzunguka mfalme. Wakamwambia hawa juzi wamepeleka jeshi kumwangamiza Minyue, na lile jeshi na sisi lilitutisha. Marehemu babu yako alisema kumtumikia Kaizari kinachotakiwa ni usikose adabu, basi, usidanganyike na maneno matamu ukaenda kwake, ukienda hurudi, na nchi ndiyo imekwisha. Zhao Mo akawasikiliza. Akatuma ujumbe kwamba anaumwa.

Akaumwa miaka zaidi ya 10.

Ndiyo utawala wake huo, na ndiyo maana wanaoandika historia wanampita haraka, hana vita aliyoshinda wala mji alioteka, kuna mtu anaitwa na mkubwa wake na jibu ni lile lile, naumwa, nikipata nafuu nakuja. Lakini hiyo miaka ndiyo Kaizari Wu alianza kuwapiga Xiongnu, maadui wa Han kule kaskazini, na huku kusini mashamba yalilimwa na meli zilitia nanga Panyu, hakuna jeshi la Han lililokanyaga. Mtu alisimama katikati ya adabu na kukataa, siku baada ya siku, akijua mwanae yuko mikononi mwa anayemdanganya, na akikosea kidogo tu mtoto anauawa. Mimi ni mzazi. Nikifikiria barua zilivyokuwa zinatoka Chang'an na yeye anazifungua, sioni uvivu hapo wala uoga. Mwanae alikulia kule, akaoa mwanamke wa Han, akapata mtoto wa kiume, na baba hakuwahi kuiona arusi.

Halafu kweli akaugua. Safari hii ugonjwa ulikuwa ugonjwa, Yingqi akaomba ruhusa akaruhusiwa kurudi, na mfalme akafa. Waliopima mabaki yake wanasema alikuwa na miaka kati ya 35 na 45. Ina maana alivaa taji akiwa kijana wa ishirini na kitu, wakati yule wa Minyue anapiga hodi na upanga.

Sasa twende kwenye kaburi, kwa sababu vitabu vinasema mfalme mtiifu, na kaburi linasema jingine.

Alizikwa amevaa nguo ya jedi kutoka utosini mpaka kwenye nyayo, lile jiwe ambalo Wachina wanaliheshimu kuliko dhahabu, vipande 2,291 vilivyounganishwa kwa nyuzi za hariri, urefu mita 1.73. Kwenye kioo inaonekana kama mtu amelala kwa amani, nyuzi za hariri zilishaoza zamani na wataalamu wakavipanga vipande upya kimoja kimoja. Juu ya kifua chake walikuta mihuri. Mmoja ni wa dhahabu tupu, upande wake sentimita 3.1, uzito gramu 148.5, mgongoni kuna joka limejikunja na hapo kwenye mgongo wa joka ndipo unaposhika. Maandishi yake herufi nne: muhuri wa Kaizari Wen, na Wen ni yeye huyu huyu Zhao Mo, ndilo jina lake la ukaizari.

Kaizari. Si mfalme. Yule aliyeinama mbele ya Zhuang Zhu, mtumishi wako mgonjwa, nyumbani alikuwa anagonga mihuri ya dhahabu kwa cheo kile kile cha Han. Inasemwa mwanae alipokalia kiti aliificha mihuri ya ukaizari ya waliomtangulia ili Han wasije wakaiona, na huyu wa baba kumbe alikwenda nao chini. Na jina lenyewe tumelipata pale pale, kwenye muhuri mdogo wa jedi umeandikwa Zhao Mo, wakati Sima Qian anamwita Zhao Hu, kwa hiyo miaka yote hiyo dunia ilikuwa inamwita kwa jina ambalo silo alilolibeba kifuani.

Kuna na kengele nane za shaba, zile za kushika na kugonga, kila moja imechongwa kwamba imetengenezwa na mafundi wa idara ya muziki mwaka wa 9 wa Kaizari Wen, halafu namba yake, ya kwanza, ya pili, mpaka ya nane. Ukihesabu unaangukia 129 KK. Yaani katikati kabisa ya ule ugonjwa wake alikuwa anahesabu miaka kwa utawala wake mwenyewe na anaagiza kengele za muziki. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko kwenye dhahabu.

Kingine kilichonigusa ni jikoni. Wamemzika na majiko ya shaba ya kuchomea nyama, ya mstatili, lile kubwa lina magurudumu chini ulisukume unakotaka, na vijiti vyake vya kuchomekea nyama vipo. Ukilitoa pale ukaliweka nje ya baa yoyote jioni watu watakuletea oda ya mishkaki. Kuna na kikwaruzo cha tangawizi, kazi yake ni ile ile ya mbuzi ya kukunia nazi. Na mifupa ya ndege wadogo wa mashamba ya mpunga zaidi ya 200, ukubwa wao kama kwelea kwelea, waliandaliwa kwa ajili ya safari yake. Mtu alipenda kula, na nikamwona ni mtu.

Na sasa lile jina la kilima. Kwenye chumba cha pembeni upande wa magharibi kulikuwa na pembe tano za ndovu zimelazwa pamoja, ndefu kuliko zote ina sentimita 126. Kusini mwa China enzi hizo tembo walikuwepo, wa aina ya Asia, kwa hiyo ungesema ni za pale pale. Waliozichunguza wakasema hapana, hizi ni za tembo wa Afrika. Chumba hicho hicho kulikuwa na boksi dogo lina gramu 26 za ubani, huu huu tunaofukiza nyumbani, ambao miti yake inamea Somalia, Yemen na Oman. Na karibu na mfalme kulikuwa na kopo la fedha lenye mifuniko ya mikunjo mikunjo kwa mtindo wa Uajemi, ndani yake vidonge vya dawa. Sisi tunajiona ndio tumeigundua hii njia ya Guangzhou na makontena yetu. Vitu vya upande wetu wa bahari vilishafika hapa karne ya pili kabla ya Kristo, vikalazwa chini ya kilima chenye jina la tembo, ilhali waliozika na waliokuja kukipa jina hawakuwa na habari ya wenzao. Mlinzi wa chumba akanisogelea kuona kama naumwa kwa jinsi nilivyoganda mbele ya zile pembe.

Lakini sitaki nimpambe tu. Humo kaburini kulikuwa na watu 15 waliouawa wamfuate. Masuria wanne, mpiga muziki kwenye chumba cha kengele, mlinzi mlangoni, wapishi na watumishi. Mwaka huo kule kaskazini hii desturi ilishakuwa aibu, na huku mtu aliyejua kuokoa maelfu kwa barua ya adabu alikubali hawa wafe kwa ajili yake. Mmoja wa masuria alikuwa na cheo cha Bibi wa Kulia, muhuri wake wa dhahabu una kobe mgongoni, na pembeni yake kulikuwa na muhuri mwingine mdogo umechongwa kwenye pembe ya ndovu, una jina: Zhao Lan. Wapishi hatuna majina yao. Huyu ana lake, na mimi nikienda huwa nalisema kwa sauti kidogo, Zhao Lan, kwa sababu alipelekwa pale mzima wa afya na mtu aliyejifanya mgonjwa apate kuishi. Hayo mawili nayaweka pamoja na hayakai sawa, nimejaribu.

Baada yake nchi haikudumu. Yingqi naye alipoitwa akasema anaumwa, alishajifunza kwa baba. Aliyefuata alikuwa mtoto, mama yake wa Han akataka nchi iunganishwe na Han, waziri mkuu mzee Lü Jia, si yule balozi Lu Jia, akakataa, akawaua mama na mtoto mwaka 112 KK. Mwaka uliofuata meli za Han zikashuka mto, Panyu ikachomwa moto, na Nanyue ikaisha ikiwa na miaka 93 na wafalme watano.

Karne tatu baadaye Sun Quan, mfalme wa nchi iliyoitwa Wu, alituma watu kusini wachimbe makaburi ya hawa wafalme watoe hazina. Inasemekana la Yingqi walilipata wakalikomba. La Zhao Mo walilikosa, lilikuwa limeingizwa tumboni mwa kilima. Na la babu, Zhao Tuo mwenyewe, halijapatikana mpaka leo hii. Kila nikifika Xiaobei usiku, nikawa navuka barabara na toroli la mzigo, watu wanapita, maduka bado wazi, huwa naangalia vile vilima vya Yuexiu vilivyo gizani nawaza yuko upande gani.